Mazungumzo ya India na Pakistan Katika Uwanja wa Dutwa

Nilipopangiwa kufundisha historia na uraia katika shule ya sekondari karibu na Dutwa, nilishuka kwenye basi nikiwa na begi la nguo, sanduku zito la vitabu vya uhusiano wa kimataifa, na imani ambayo mpaka leo sijaiacha: kwamba kijana akijifunza mapema namna ya kuzungumza na hasimu wake, dunia itachimba makaburi machache zaidi. Kwa imani hiyo nilianzisha Klabu ya Diplomasia. Tulikutana kila Jumatano baada ya vipindi, na tulizungumza Kiswahili, ili mtu asianze kupigana na Kiingereza kabla hajakutana na hasimu mwenyewe.

Mwaka ule India na Pakistan zilirushiana makombora kwa siku chache. Zilifungiana anga na mipaka, zikavutana kuhusu mkataba wa maji ya mito, kisha zikasitisha mapigano, na kila upande ukatangaza kwamba umeshinda. Niliona kwamba somo limejiandaa lenyewe. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na nikaamua kwamba klabu yangu itaonesha mbele ya wageni mazungumzo ya amani baina ya mataifa hayo mawili.

Mkuu wa shule alinisikiliza akiwa amefumba macho. Yeye ni mwalimu wa hisabati, na huwasikiliza hivyo watu wote ambao si wa hisabati.

"Madam," alisema, "hiyo saa ya Jumatano ni saa yangu ya mazoezi ya hesabu. Nimekuazima tu. Wageni wakiona jambo la maana, endelea nayo. Wakiona vurugu, naichukua siku hiyohiyo."

Nikakubali. Sikuona namna ambavyo amani ingeweza kugeuka vurugu.

"Nani anataka kuwa India?" niliuliza Jumatano iliyofuata. Mikono yote ilipanda. Sinema za Kihindi huoneshwa katika mabanda ya video ya Dutwa, na kila mwanafunzi alikuwa na jamaa zake wa hiari kule Mumbai.

"Pakistan?"

Mikono yote ikashuka. Kisha kijana mmoja mrefu wa kidato cha tatu, mjukuu wa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma ambaye sifa zake zilifika mpaka Maswa, akainuka taratibu.

"Kwani Pakistan wana nini, madam?"

"Wana milima mirefu sana, wana mto mkubwa, wana jeshi, wana mchele."

"Mchele ule wa dukani?"

"Huohuo."

"Basi nachukua. Watu hawawezi kusubiri amani wakiwa na njaa."

"Umechukua nchi kwa ajili ya ubwabwa," alisema kiranja mkuu wa wasichana, ambaye tayari alikuwa amejiteua kuwa waziri wa India.

"Na wewe umechukua nchi kwa ajili ya kuimba kwenye mvua."

Uhusiano wa kidiplomasia ulikuwa umeanza. Nikaeleza historia: namna nchi moja ilivyogawanywa sehemu mbili, namna bonde la Kashmir lilivyobaki katikati likidaiwa na wote. Nikamteua msichana mmoja mdogo wa kidato cha pili, mwenyeji wa kijiji cha Ipililo aliyekuwa akiishi Dutwa kwa shangazi yake, awe Kashmir. Nikamwonesha kwamba kiti chake kitakuwa katikati, baina ya meza za wajumbe.

"Mimi nitasema nini, madam?"

"Wewe ndiye unayegombewa."

"Kwa hiyo nakaa tu?"

Nilimjibu, kwa uaminifu wa kitaaluma, kwamba katika mazungumzo ya serikali mbili ndivyo ilivyo. Akaitika kwa adabu, kama mtu aliyepewa mzigo na kuambiwa ni wa pamba.

Kisha mjukuu wa manju akauliza swali ambalo nililiona la kitoto. "Madam, umesema vita vilipoisha wote walitangaza kushinda. Sasa aliyeshinda anajulikanaje?"

"Inategemea watu wanamwamini nani."

Wanafunzi wakatazamana. Nikadhani nimewafikirisha.

Siku ya wazazi nilifika uwanjani mchana, nikakuta meza zangu, ambazo nilikuwa nimeziweka zitazamane kwa heshima mbele ya wageni, zimehamishwa. India ilikuwa kwenye goli la kaskazini na Pakistan kwenye goli la kusini. Kiti cha Kashmir kilisimama peke yake kwenye duara la katikati.

"Tumeziweka pazuri, madam," alinihakikishia waziri wa India. Alikuwa amejifunga vitenge kwa namna ya sari, na amependeza kwa kweli. "Watu wapate nafasi ya kukimbia."

"Kukimbia kwenda wapi?"

"Kwa mshindi."

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini diwani alikuwa ameshaketi, afisa elimu kata ameshavua kofia, na Mkuu ananitolea ishara ya kuanza. Nikashika kipaza sauti. Nilisema kwamba ujumbe wa India utazungumza kwanza, ukifuatwa na ujumbe wa Pakistan.

Wakaanza wote kwa pamoja.

Kaskazini waziri wa India alisoma madai yake kwa sauti ya juu huku wajumbe wake wakizunguka mlingoti wa goli kama wapenzi waliopotezana bustanini. Kusini ngoma ililia, mabega yakatetemeka, majembe ya kuchezea ngoma yakarushwa angani na kudakwa, na mjukuu wa manju akaimba mkataba mzima wa mito, kifungu kwa kifungu, akipokewa na kiitikio kwamba maji hayaulizwi pasipoti. Wazazi waliinuka kama mtu mmoja na kukimbilia Pakistan. India ikaongeza vigelegele. Nusu ya wazazi wakageuka na kurudi mbio. Bibi mmoja alikimbia na kigoda chake mkononi, anakaa, anainuka, anakaa tena.

"Wanafanya nini hawa?" nilimuuliza mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Bariadi, ambaye alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

"Hujawahi kuona mbina, madam?"

Sikuwahi. Mimi ni mtu wa Njombe. Ndipo akanieleza, akipiga kelele sikioni mwangu, kwamba baada ya mavuno vikundi viwili hasimu vya ngoma, Wagika na Wagalu, hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna zamu na hakuna jaji. Watazamaji hukimbilia kwa anayewavuta zaidi, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. "Wewe si ndiye uliyewaambia inategemea watu wanamwamini nani? Watoto wamekuelewa vizuri sana."

"Waheshimiwa wajumbe," nilisema kwenye kipaza sauti. "Waheshimiwa wajumbe, naomba tuheshimu zamu." Ilikuwa sawa na kuihutubia mvua. Diwani alipita mbele yangu amebeba kiti chake kichwani. Afisa elimu kata alikuwa Pakistan, anapiga makofi nje ya mdundo. Nilimtafuta Mkuu ili nimsihi, nikamwona akielekea kaskazini kwa hatua ndefu za mtu anayejizuia asikimbie. Nilijua kwamba naiona klabu yangu ikifa, na hata hivyo, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka machozi yakinitoka.

Hapo ndipo Kashmir aliposimama juu ya kiti chake. Hakuwa na ngoma wala kipaza sauti. Alisubiri wimbi la watu lipite katikati likitoka India kwenda Pakistan, kisha akapiga goti kidogo palepale juu ya kiti, kama binti anavyowapigia wakubwa, akasema kwa Kisukuma: "Mwadila."

Mtu wa huku akisalimiwa hapiti bila kujibu. Waliokuwa karibu wakasimama na kuitikia. Walio nyuma yao, wakisikia wenzao wanaitikia, wakaitikia pia.

"Mhola?" akauliza, hali njema?

"Mhola duhu," njema tu, umati ukajibu.

Akauliza habari za nyumbani. Wakajibu. Akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za pamba mwaka huu, na kila swali likawavuta wengine, kwa kuwa salamu ikishaanza haikatwi katikati. Ngoma ya Pakistan ikapungua, kwani wapigaji nao walikuwa wanaitikia. Waziri wa India aliitikia akiwa ameshikilia mlingoti. Muda si muda uwanja mzima ulikuwa umemzunguka yule mtoto.

"Sasa mimi," alisema kwa Kiswahili, "ndiye bonde wanalogombea hawa. Nimekaa hapa tangu mwanzo. Ninyi ndio watu wa kwanza kusalimiana na mimi."

Watu walikuwa wangali wanahema, na hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akauliza, "Eh mayu, mama yangu, na wewe unataka kukaa kwa nani?"

"Mimi nataka nikitaka kwenda kwa shangazi yangu, niende. Nisiulizwe na askari wa huku na askari wa huku."

"Shangazi yako yuko upande gani?"

"Wa pili."

"Upi ndio wa pili?"

"Ukiwa huku, ni kule. Ukiwa kule, ni huku."

Kicheko kilichofuata kilienea uwanjani mpaka barabarani. Wajumbe wakaja katikati wakiburuta meza zao wenyewe. Mjukuu wa manju alimnong'oneza hasimu wake, kwa sauti iliyosikika vizuri, "Tusimamishe kwanza, huyu mtoto ametumaliza." Wakaketi kila mmoja upande wake wa kile kiti, na kwa mara ya kwanza siku ile wakazungumza kwa zamu, wakianza na Kashmir. Walikubaliana kuhusu mashangazi kabla ya mito. Walipomaliza, kila ujumbe ulisimama na kutangaza kwamba umeshinda.

Jioni Mkuu aliniita ofisini. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi jekundu. Alifumba macho kama kawaida yake, na mimi nikasimama nikiwa nimekusanya hoja zangu zote kuhusu vijana, mazungumzo na makaburi.

"Yale yalikuwa vurugu, madam."

"Ndiyo, Mkuu."

"Hesabu nitazihamishia Alhamisi."

Nilisema tu ahsante, na nikawahi mlango kabla hajafumbua macho na kubadili mawazo.

"Subiri," akaniita. "Yule wa Pakistan anatangaza ushindi kwa msingi gani? Mimi nilikuwa upande wa India pale mwishoni, na watu wetu walikuwa wengi."

Nilimwambia kwamba suala hilo ni zito na linahitaji mazungumzo, na nikamkaribisha Jumatano.