Kaka Mkubwa wa Treni ya Sinchang

Nina miaka sitini na saba, wajukuu wawili na goti moja la chuma, lakini kila Jumamosi saa mbili asubuhi, nikishuka ngazi za stesheni ya Dongmyo hapa Seoul, mimi huwa ni dogo. Dogo shika mfuko, dogo angalia treni imefika wapi, dogo mbona umechelewa. Aliyenifanya hivyo ni Tak Yongpal.

Tak alihamia kichochoro chetu miaka mitatu iliyopita, baada ya kumzika mkewe na kustaafu ufundi wa lifti. Alikuwa na upara unaong'aa, mgongo uliopindika kwa kuinama kwenye mashimo ya lifti, na meno ya kuhesabika. Jioni ya kwanza alitukuta mimi na Pyo Gisu, aliyekuwa tarishi wa posta, tunacheza karata nje ya duka. Tukaulizana majina, kisha mwaka wa kuzaliwa, maana bila mwaka hujui umwamkie mtu au yeye ndiye akuamkie. Pyo akataja wake, hamsini na saba. Mimi nikataja wangu, hamsini na tisa. Tak akatutazama kidogo, akasema hamsini na tano. Tukasimama wote wawili, tukampisha kiti kile kimoja chenye egemeo, tukampa shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti nzito ya mtu aliyeizoea.

Mwanzoni nilifurahi. Pyo alikuwa amenitumatuma kwa miaka ishirini kwa sababu ya hiyo miaka yake miwili, na kumwona akishushwa cheo mbele ya karata zake mwenyewe kulinipa usingizi mzuri. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba sasa natumwa na watu wawili.

Safari tulianza nilipofikisha sitini na tano na kupata kadi ya wazee ya kupanda treni bure. Tak alitangaza kwamba wanaume watatu wenye usafiri wa bure hawana sababu ya kushinda kichochoroni. Kila wikendi nusu ya Seoul inatoroka. Wenye magari wanakwenda pwani ya mashariki kukaa kwenye foleni, na vijana wanapanda milima wakiwa wamevaa nguo za bei kubwa kuliko mlima wenyewe. Sisi tunapanda treni ya Sinchang, tunasinzia mwendo wa saa mbili na nusu, tunashuka Onyang, tunaoga maji ya moto ya chemchemi, tunakunywa supu ya matumbo, tunarudi.

Tak aliiendesha safari hiyo kijeshi. Hata tuwahi vipi, tulimkuta ameshapita lango, amesimama jukwaani akitazama saa, na tukapokelewa kwa hotuba. Tukifika Onyang, kabla ya lango la kutokea, aliinama kufunga kamba za viatu akatuambia tutangulie, na Pyo akawa anasema masikini, uzee huo. Ndani ya treni alikaa katikati ya vile viti vitatu vya wazee, Pyo kulia, mimi kushoto na mayai ya kuchemsha mapajani. Akikuta mtu wa miaka sitini amejipenyeza hapo, alimkoholea mpaka akahama. Bafuni mimi ndiye niliyemsugua mgongo, kwa kuwa mdogo ndiye husugua. Mgongo wa Tak naujua kuliko ninavyoujua uso wa mke wangu, na kwa muda wote huo sikuwahi kuambiwa kwamba nimesugua inavyotakiwa.

Halafu lilikuwepo lile bwawa la pembeni, lenye maji makali kuliko yote. Tak aliingia kila Jumamosi na kutoka wa mwisho, akisema mwili uliokomaa hausikii moto. Jumamosi moja ya mwezi wa nne Pyo alipata kiburi, sijui alikula nini asubuhi, akaingia naye na kukataa kutoka. Wakakaa wakitazamana, wekundu wote wawili. Pyo akasalimu amri, akatoka. Tak akatabasamu kwa ushindi, akainua mkono kuniita nimletee maji baridi, mkono ukabaki hapo juu, kisha yeye mwenyewe akateremka polepole chini ya maji.

Tulimvuta nje kwa makwapa. Mhudumu wa bafu akaita gari la wagonjwa, na kabla halijafika Tak alikuwa ameshafumbua macho na kuanza kuuliza nani amemwangusha. Mwanamke wa huduma ya kwanza akapiga magoti, akampima mapigo ya moyo, akauliza umri wa mgonjwa. Pyo akajibu sabini na moja. Mama yule akakunja uso, akasema mapigo haya na umri huo ni hospitali moja kwa moja, akataka kitambulisho. Nikauvua ufunguo kwenye mguu wa Tak, ambako waogaji hufunga ule wa kabati la nguo, nikaenda kwenye kabati lake, nikafungua pochi.

Kitambulisho chetu huanza na mwaka wa kuzaliwa. Chake kilianza na sitini na mbili. Nilikisogeza mbali, nikakileta karibu. Nikatafuta pia kadi ya wazee, sikuiona. Palikuwa na kadi ya kawaida ya nauli, imechakaa pembeni. Hapo nikaelewa kwa nini siku zote alitangulia kupita lango na kwa nini viatu vyake havikuisha kufunguka kamba. Watu wa rika letu wanapaka nywele rangi ili waonekane vijana, na huyu alikuwa akilipa nauli kamili, kwenda na kurudi, ili aonekane mzee.

Ningeweza kunyamaza, lakini mama yule alikuwa na kalamu mkononi na mtu kalala sakafuni. Nikasema ana miaka sitini na nne.

"Soma vizuri," Pyo akasema. "Miwani yako mibovu."

"Sitini na nne, Kaka Pyo. Tena nimesoma mara mbili."

Tak, kwenye sakafu, amefunikwa taulo dogo mahali pa lazima tu, akafumba macho tena, na safari hii hakuwa amezimia.

Mama wa huduma ya kwanza alimpima upya, akamnywesha maji, akamkataza lile bwawa, akaondoka. Tukaenda kwenye supu kama kawaida kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya badala yake. Bakuli tatu zikaletwa zikichemka, na hakuna aliyegusa kijiko. Huanzi kula kabla ya mkubwa. Pyo alikuwa akimngoja Tak, kwa mazoea. Tak alikuwa akimngoja Pyo, kwa haki. Mimi nilikuwa nawangoja wote wawili, na njaa ilikuwa inaniuma. Supu ikatulia, mafuta yakaanza kuganda juu.

"Marehemu baba alichelewa kuniandikisha," Tak akasema hatimaye, akiiambia bakuli.

Kisingizio hicho kila mtu wa umri wetu anacho. Pyo akahesabu kwa vidole.

"Wangu alichelewa mwaka mmoja. Wako kachelewa saba? Basi darasa la kwanza uliingia umeshaota ndevu."

Nilicheka, nikajuta, nikaendelea kucheka. Tak hakucheka. Akatusimulia, bila kuinua uso, kwamba kwao walizaliwa wavulana saba na yeye ni wa mwisho. Nyumbani alitumwa na sita, jeshini alitumwa na kikosi kizima, kazini aliteremshwa shimoni kwa kuwa ndiye mwembamba, na mkewe naye alimzidi miaka mitatu.

"Maisha yangu yote mimi ni mtu wa njoo hapa," akasema. "Mliponiuliza mwaka, ulimi uliteleza tu. Halafu mkasimama mkanipisha kiti. Hakuna mtu aliyewahi kunisimamia. Ningewaambiaje tena mkae?"

Pyo akachukua kijiko chake akaanza kula, na sisi tukafuata.

Nakiri kwamba njiani kuelekea stesheni nilikuwa napanga. Nilimzidi Tak miaka mitatu kamili. Nilihesabu mifuko niliyobeba, mgongo niliosugua, hotuba nilizosikiliza, nikawa nachagua nianzie wapi kumlipa. Treni ilipofika tukaingia, na vile viti vitatu vya wazee vilikuwa vitupu. Mimi na Pyo tukakaa. Tak akabaki amesimama.

"Kaa," nikamwambia.

"Si vyangu," akasema. "Nyie kaeni, kaka."

Neno hilo nilikuwa nimelingoja muda mrefu, na halikunipa raha hata chembe. Alikuwa ameshika mpini wa juu, mtu aliyezimia mchana huo huo, na alikusudia kusimama hivyo mpaka Seoul. Nikajua anachoogopa. Aibu alikuwa ameshaipata, sakafuni, bila nguo. Aliogopa Jumamosi ijayo, kwamba tutakwenda bila yeye. Alikuwa na chumba kimoja, redio, na sisi wawili.

Nikasimama, nikashika mpini ulio karibu na wake. Pyo akalalamika kwamba miguu inamuuma, kwamba sisi ni wapumbavu, kisha naye akasimama. Tukawa wazee watatu wanaoyumba mbele ya viti vitatu vitupu. Kituo cha pili akaingia bibi mmoja na vifurushi, akatutazama, akauliza kama viti vimelowa. Tak akampangusia kimoja kwa kiganja, akamkaribisha.

Tulipita stesheni nyingi hivyo. Mwishowe Tak akaniinamia sikioni.

"Sasa nitakuwa nakuitaje?"

Pyo akajifanya anasoma matangazo ya dawa za meno. Nilifikiri juu ya ukaka niliokuwa nimeungoja, na juu ya yule mtoto wa saba anayerudishwa tena mwisho wa mstari, sasa akiwa na upara. Watu wa rika moja hawaamkiani, na hawatumani.

"Niite jina langu," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akakohoa kidogo, kama mtu anayejaribu ufunguo mpya.

"Chunbae," akasema.

Mke wangu huniita Baba Eunju, majirani vilevile, kazini nilikuwa Fundi Zipu. Mtu wa mwisho kuniita kwa jina alikuwa mama yangu, na tulimzika miaka kumi na tisa iliyopita. Nikageukia dirishani, Pyo akaniuliza naangalia nini huko nje kwenye giza la handaki, nikamwambia akome. Kisha nikamwomba Tak aliseme tena.