Njia Mbili za Papa Symphorien

Wee! Munamuona Papa Symphorien anatembea polepole na fimbo yake, munafikiri ni muzee wa bure! Huyo njo alishika foni ya parokia hapa Kalemie wakati wa Zaïre, ile redio ya kutuma habari mbali. Watu walipanga mustari tangu asubuhi wakitaka kutuma maneno Moba, na wengi walirudi nyumbani bila kusikilizwa, kwa sababu njia ilikuwa moja tu.

Siku moja akagundua kwamba watu wa foni wa kule Kiambi wanasikilizana vizuri na Moba. Akaruka juu! "Mama Virginie," akaniambia mimi niliyekuwa kwenye mustari, "karatasi moja ya maneno itaenda Moba moja kwa moja, inayofuata itapitia Kiambi. Zamu kwa zamu!" Na kweli, mustari ukaisha mbele ya saa sita. Tulipiga vigelegele.

Juma lile lile bwana yangu Gérard akaanguka toka juu ya lori, damu ikamutoka nyingi. Daktari alisema damu ya kumufaa njo ya dada yake Adolphine, kule Moba, na mashua ingeondoka saa nane. Karatasi za parokia zilikuwa ndogo, nikaandika mbili. Ya kwanza: "Gérard ameanguka, tulisema amekwisha." Ya pili: "Lakini anapumua. Panda mashua ya leo, uje umupe damu."

Symphorien, na furaha yake yote, akasoma ya kwanza Moba. Ya pili akaiweka kwenye kikapu cha Kiambi. Na Kiambi walikuwa hawajaitika!

"Symphorien! Unamuzika bwana yangu?" Nilipiga meza mpaka kalamu zikaruka. Akanyakua karatasi, jasho linamutoka, akaita Moba. Floribert, mutu wa foni wa kule, akajibu eti Adolphine amesikia ile ya kwanza, ametoka zamani, analia.

"Mukimbilie!" tukapiga kelele wote wawili. "Mukimbilie, Floribert!"

Kesho yake mashua ikafika. Adolphine akashuka, kichwa kimenyolewa nusu: Floribert alimukuta wembe wa matanga uko kazini. Akaenda mbio hospitali, akatoa damu.

Symphorien akaandika kwenye mulango: njia ni mbili, lakini maneno ya mutu mumoja hayakatwi. Sheria hiyo haikuvunjwa hata siku moja.

Gérard alipofumbua macho, akakitazama sana kile kichwa. "Adolphine, nani amekufa?"

"Ni wewe, yaya," akamujibu kaka yake, akaanza kulia upya.