Mama na Taa ya Mnara

Nilipopata kibarua cha kukarabati mnara wa taa kule ufukweni Muleba, jirani yetu kule nyumbani Kaagya aliniuliza najisikiaje. Nilimjibu kwamba najisikia kama fundi mwashi aliyepata kazi. Aliudhika, akaenda zake.

Mnara huo ni wa mawe, wa tangu enzi za Wajerumani, wazee ndivyo wanavyosema. Zamani ulikuwa na mtunzaji aliyepanda kila jioni kujaza mafuta ya taa. Baadaye ikafungwa betri, betri ikaibwa, na huko juu wakahamia popo. Kaka yangu alipotea ziwani miaka hiyo ya popo. Alikuwa analeta dagaa kutoka visiwani, mtumbwi ukapinduka usiku. Wenzake walipatikana, yeye hakuonekana.

Kwetu Wahaya, mtu asipopatikana ukoo hukata mgomba, huuvika sanda na kuuzika kibanjani, katika shamba la migomba la nyumbani, badala yake. Bila hivyo msiba hauishi. Baba zangu wadogo walikuja mara nyingi kumwomba mama akubali. Aliwapa kahawa ya kutafuna, akawasikiliza kwa adabu, akakataa. Alisema mwanawe hakuiona njia kwa sababu taa haikuwaka, kwa hiyo yuko kisiwa fulani anasubiri. Utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Mwishowe nilichoka hata kumkasirikia.

Mafundi waliotutangulia walikuwa wameupiga mnara plasta ya saruji, maji yakanasa ndani, ukuta ukaanza kumomonyoka. Tuliibandua yote, tukajaza chokaa katikati ya mawe, tukabadilisha vioo, tukafunga taa ya sola. Nilifanya kazi vizuri. Jioni nilikula, nikalala. Nilisubiri nihuzunike, huzuni haikuja.

Siku ya kuwasha nilimpeleka mama. Watu walipiga makofi. Yeye aliitazama taa, akalitazama ziwa, kisha akaomba tubaki kwa shangazi anayekaa karibu na ufukwe. Tulikaa huko siku kadhaa. Kila jioni alitoa kigoda nje akaketi akiangalia maji.

Asubuhi moja tukinywa chai akasema, "Mwanangu, ile taa inawaka vizuri."

"Ego, mama," nilikubali.

"Angekuwepo angeshaiona. Waambie baba zako wakate mgomba."

Tulirudi nyumbani, nao wakaja. Waliangusha mgomba mmoja nyuma ya nyumba, wakaulaza juu ya majani, wakaanza kubishana kuhusu urefu wa kipande cha kuzika. Mama ndiye aliyeamua. Aliniambia nilale kando ya mgomba, maana mimi na kaka tulilingana kimo.

Nikalala. Majani yalikuwa na umande. Baba mdogo aliweka panga usawa wa visigino vyangu, akaukata mgomba. Wakaubeba kwenda kuuvika sanda, na mimi nikabaki palepale, naogopa kuinuka.