Biasha aita majirani kulima, mtungini hamna pombe

Umande haujakauka bondeni Ruhuwiko, na Biasha anatazama kila mahali isipokuwa nyuso za wageni wake. Wanawake tisa wamesimama ukingoni mwa shamba, majembe begani. Chini ya kichaka kuna mtungi uliofunikwa vizuri. Wifi yake, Mwanne, ndiye anayeufunua.

"Mh! Maji?"

Mmoja anaguna, mwingine anacheka, na kicheko kinasambaa.

"Wifi, maji ndiyo yaliyonimalizia kaka," anasema Mwanne. "Leo na wewe unatuita kwa maji?"

Biasha anainama kama aliyeangusha shanga majanini.

Kwa wasiozijua desturi za huku Songea, anayeita majirani kulima huwapikia pombe ya ulezi. Ndiyo shukrani, na kwa tumbo lenye njaa ndiyo chakula. Kuwaita bila pombe ni kumkaribisha mgeni kwenye mafiga ya baridi.

Tena huyu ni Biasha!

"Zamani tukisikia amepika, hata wenye homa walipona," anasema jirani yake, Subira.

Kisha vikaja vita. Mumewe alinyunyiziwa maji ya dawa, akaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji, hakurudi. Askari wakachoma maghala, njaa ikafagia waliosalia.

Mwaka huu, 1907, Biasha ana pishi mbili za ulezi, alizokwenda kuomba kwa shangazi yake upande wa Ziwa Nyasa. Zinatosha pombe au mbegu, si vyote viwili. Mvua nazo zimeshaanza, na jembe moja haliwezi kuliwahi shamba hili.

"Niliumimina chunguni niuloweke uchipue, nikautoa," anasimulia kwa sauti ya chini. "Nikaurudisha, nikautoa tena. Watoto wangu wawili wananitazama tu."

Watano wanarudi kwa njia waliyojia. "Tumbo langu halilimi bure," mmoja anasema, kwa sauti ya kusikika.

Mwanne habanduki. Anatema mate viganjani, anashika mpini.

"Nawalimia watoto wa kaka yangu. Wewe usinisemeshe!"

Mwenye shamba ndiye huanzisha wimbo wa kulimia, lakini leo Biasha anaona haya kuuanzisha. Subira anauanzisha kwa niaba yake. Biasha anajitenga, analimia pembeni kabisa kama kibarua katika shamba lake mwenyewe.

Kufikia adhuhuri udongo umegeuzwa wote, na mbegu inamwagwa. Hapo ndipo anapokubali kusema lililo moyoni.

"Ulezi ukiiva, kabla sijatia hata punje mdomoni, napika pombe. Nawaita wote, hata walioniacha leo. Hao ndio nitakaowapa kata ya kwanza."

"Ili waone aibu?" anauliza Subira.

"Hapana," anajibu, akikwangua tope kwenye jembe. "Ili niweze kupita mbele ya milango yao nikiwatazama usoni."