Chapati za Mwenye Farasi

Harufu ya samadi ya farasi iliyoloa mvua hunishtua hadi leo. Nikiipata popote, hata kwenye bustani ya jirani, moyo hunienda mbio kabla sijakumbuka ni kwa nini. Ni harufu ya kiangazi kimoja cha mwishoni mwa miaka ya tisini, tulipokuwa tukiishi Temple Hills, Marekani, mimi na Mama, wawili tu, nami nikiwa na miaka kumi. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, kidonda kikatunga usaha, akalala hospitali hadi miguu ikamwisha nguvu. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee, kuwanyanyua kitandani na kuwaogesha, na mtu anayeshika ukuta akienda chooni hawezi kumnyanyua mwenzake. Mwajiri alikubali kumvumilia hadi shule zifunguliwe. Asipopata nguvu kufikia hapo, mimi ningerudishwa nyumbani Kitale, kwa nyanya yangu, naye abaki akijitafutia pa kulala kwa watu wa kanisa. Hakunificha. Aliniambia huku akichambua mchele, kwa sauti ya kawaida kabisa, nikashtuka hata nikashindwa kulia.

Daktari alimwagiza atembee. Basi kila asubuhi tulikwenda na gari letu bovu hadi kusini mwa kaunti, nyumba zinapokwisha na mashamba kuanza, kwenye kijia kilichozunguka msitu na malisho na kumrudisha mtu palepale alipoanzia. Sehemu nyingine ilikuwa ya waendao kwa miguu, nyingine ya wapanda farasi, yenye matope na alama za kwato. Mama alilidharau jambo lenyewe. Kwao mtu hutembea akienda sokoni, kanisani au matangani; kutembea ili urudi ulikotoka aliona ni wazimu wa watu walioshiba. Kwa hiyo alivaa gauni la Jumapili na kubeba mkoba, ili atakayemwona adhani ana mahali anakokwenda. "Mum, nobody cares," nilimwambia. "Mimi na-care," akanijibu, akaushika mkoba wake vizuri zaidi.

Hatukuwahi kumaliza mzunguko. Tukifika kwenye ua wa mbao wa shamba moja la farasi, Mama aliketi juu ya gogo akihema, kisha tukageuka. Farasi mmoja mzee alizoea kuja kumnusa mabega. Kwa mbali, penye nyumba, tulimwona mwenye shamba, mzee Mmarekani mweusi mwenye kofia pana, na mara mojamoja alituinulia mkono. Mkono huo ndio uliomkosesha Mama raha. "Tunakaa kwa boma ya mtu kila siku na hatujamsalimia," alisema. "Atasema hatukulelewa." Siku moja akaamka akapika chapati, akazifunga kwa kitambaa, akazitia kwenye hotpoti ili zisipoe, na hotpoti ndani ya mkoba. Nilifurahi sana, maana wiki chache nyuma hakuweza hata kusimama akande unga.

Tulifungua geti tukaingia. Mama hakwenda mlango wa mbele. Kwao mlango wa mbele ni wa wageni wakubwa na watu wa serikali. Anayekuja kwa wema huzunguka nyuma, jikoni, waliko watu. Akazunguka. Akapiga hodi, akapiga tena, mashine ya kupoza hewa ikinguruma dirishani, asijibiwe. Akachungulia bandani, labda mwenyewe yuko na wanyama wake. Tulikuwa bado tunachungulia gari la polisi lilipoingia uani.

Afisa alikuwa kijana, jasho limemjaa usoni, mkono juu ya bastola. "Drop the bag!" alifoka. "Drop it now!" Mama hakuuangusha. Ndani mlikuwa na chakula, na Mama hajawahi kutupa chakula chini maishani mwake. Alianza kuinama ili auweke taratibu. Na kwa kuwa tumbo lilikuwa bado linamvuta, aliinama kidogo kidogo, mkono mmoja kwenye mkoba, mwingine umeshika kidonda, na kadiri alivyochelewa ndivyo kijana alivyozidi kufoka, hadi bastola ikatoka. Niliuona mdomo wa bastola, nikakiona kisogo cha Mama, nikajua nitamwona mama yangu akifa kwa sababu ya chapati. Akasema bila kuinua kichwa, sauti imetulia: "Nekesa, simama hapo hapo. Usikimbie, mtoto wangu. Usikuje kwangu."

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Mwenye farasi alitoka mikono juu, akimsihi afisa kwa Kiingereza ashushe silaha, kwamba ni yeye aliyepiga simu aliposikia mtu nyuma ya nyumba, na amekosea. Kisha akamgeukia Mama, maana alikuwa amesikia lugha yake. "Hujambo, mama," alisema. "Samahani. Samahani sana. Mimi nilisoma Kiswahili. Chuoni, miaka mingi iliyopita. Sikupata mtu wa kusema naye." Machozi yalimtoka waziwazi. Miaka yote hiyo alikuwa amemngoja mtu wa kuzungumza naye, na mtu huyo alipokuja mlangoni kwake, alimwitia polisi.

"Sijambo," Mama akamjibu. Sijui neno hilo alilitoa wapi. Afisa aliondoka bila kuomba radhi. Mzee akatukaribisha ndani, akatukaribisha tena. Mama hakuingia; akatoa hotpoti, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimekuletea," alisema. "Kula zikiwa moto."

Kisha akatoka getini, na badala ya kurudi tulikotoka akaifuata njia ya mbele, ile tusiyowahi kuifikia. Alitembea kwa hasira, mkoba mtupu ukimpigapiga ubavuni, mimi nikikimbia nyuma yake. Hakuketi mahali. Mzunguko ukaisha, gari letu likatokea, na hapo ndipo alipokaa chini kwenye changarawe na gauni lake la Jumapili. Alirudi kazini kabla ya shule kufunguliwa. Sikupelekwa Kitale. Kijia kile hatukukikanyaga tena, na hotpoti ilibaki kwa mwenye farasi.

Sasa ninaishi Springfield, kwenye nyumba ambayo hakuna mtu anayefika bila kupiga simu kwanza, na ukweli ni kwamba napenda hivyo. Mwezi uliopita Mama alikuwa amenitembelea. Tukiwa jikoni tunakunywa chai, mtu akagonga mlango wa nyuma. Nilichungulia kando ya pazia: mwanamke nisiyemjua, kilemba kichwani, mikononi kitu kilichofunikwa kwa kitambaa. Mtu mwema hazunguki nyuma ya nyumba ya watu, nilijiambia, na simu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilipogeuka nilimkuta Mama ananitazama, si usoni, mkononi. Siku ile mbele ya bastola sikuuona uso wake. Niliuona siku hii, nikatamani nisingeuona. Aliweka kikombe chini taratibu, akainuka, akanipita akaenda kufungua mlango. "Karibu, mama," akamwambia mgeni. "Karibu ndani."