Shina Moja Libaki

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwetu Goba lilikuwa ubishi kuhusu mibuni mitatu iliyo nyuma ya jiko. Mke wangu, mzaliwa wa Bukoba, alitaka kuikata ibaki visiki ili ichipue upya, maana ilikuwa imezeeka na haizai tena. Nilimwomba asubiri. Wiki ile ile alifariki.

Juzi, kwenye duka la pembejeo, nilimkuta mama mmoja akimfokea muuzaji.

"Mie nataka mbolea. Mbuni ule kaupanda marehemu mume wangu, wewe unaniambia nikate!"

"Mama, mbuni mzee ukiupa mbolea unanenepesha majani tu."

"Kwa hiyo nimzike mara ya pili?"

Muuzaji akaweka mfuko wa mbolea chini taratibu.

"Hukati mashina yote, mama yangu. Unaacha shina moja lilishe mizizi mpaka machipukizi yatoke. Likishamaliza kazi, ndipo unalikata."

Mama akafikiri. "Na hilo moja nachagua mie?"

"Wewe mwenyewe."

Nimesoma ushauri mwingi wa kilimo. Sijaona mwingine unaomjali mfiwa kiasi hicho.

Kesho yake asubuhi nilikata mibuni yetu. Kwenye kila mmoja niliacha shina moja, lile lililoelekea dirisha la jikoni.