Udongo wa Mama na Mti wa Mgeni Rasmi

Barabara ya lami ilipofika kwetu Kiganjo miaka ya tisini, ilikuja na adabu zake. Injinia alivua kofia kabla ya kumwambia mama kwamba murram, ule udongo mwekundu wa kushindilia barabara, ingechimbwa kwenye shamba letu la mahindi.

"Mama, usijali. Hii mchanga ya juu tunaiweka kando. Tukimaliza, tunafukia shimo na kuirudisha yote. Siku hizi kuna policy ya mazingira."

Mama hakuijua policy, lakini udongo ule aliujua. Alikuwa ameulisha samadi ya mbuzi tangu alipoolewa. Akakubali. Na kweli, waliurundika vizuri, wakaufunika turubai. Paa letu lilikuwa linavuja, udongo ukawa unalala pakavu kuliko sisi.

Lami ikaisha, ikafuata sherehe ya ufunguzi. Kwetu, mgeni rasmi hafungui hata choo bila kupanda mti. Tatizo ni kwamba kando ya lami palikuwa na kokoto tupu, na mti wa mheshimiwa hauruhusiwi kukauka. Wakalikumbuka rundo la mama. Lori likalibeba lote, ikatengenezwa bustani ya kupendeza. Mheshimiwa akashika jembe kwa vidole viwili, kisha akahutubia kuhusu mazingira mpaka tukasinzia. Shimo la murram shambani kwetu lilikuwa nyuma ya hema la wageni, hivyo halikumsumbua. Mkandarasi akaondoka na matingatinga yake bila kulifukia.

Mvua iliponyesha, shimo likajaa maji. Mama alichukua jembe na gunia, akaenda kwenye bustani na kuanza kuubeba udongo wake mgongoni, mchana kweupe. Chifu akaja mbio na askari wake.

"Mama! Unaharibu mazingira!"

Barabara nzima ilikuwa imeng'oa miti na kuchimbua mashamba, na hatimaye mharibifu akapatikana.

"Mti wenu nimewaachia," mama alisema. "Hii ni shamba yangu."

Walimnyang'anya gunia. Nilitamani kumrukia chifu, nikaishia kulia. Kesho yake bustani ilizungushiwa seng'enge.

Matatu zilipoanza kupita, kituo chetu kikaitwa Shimo. "Shimo wanashuka!" makanga walipiga kelele. Mama hakulitamka jina hilo hata mara moja. Akitoka soko la Ruiru na mahindi ya kununua, alimwambia makanga, "Nishukishe hapo kwa shamba yangu." Makanga mgeni alichungulia nje, akaona maji.